Karatasi ya Mama Tabby

Karatasi ilibandikwa ukutani kwa uji wa unga, kando ya kioo, mahali ambapo mtu mwingine angetundika picha ya harusi. Iliandikwa kwa kompyuta na juu yake palichorwa ua la waridi. Maziwa: saa moja asubuhi, saa tano, saa tisa, saa moja jioni, saa tano usiku. Kulala: saa tatu hadi saa tano, saa saba hadi saa tisa. Kuoga: saa kumi na mbili jioni. Jina la mtoto, Tabby, lilikuwa limekatwa kwa kalamu, na pembeni mtu ameandika kwa mkono wa taratibu: Wepukhulu.

Aliyeandika ni Nabalayo. Ana miaka ishirini na minne, kwao ni upande wa Kimilili, na anaishi hapa Huruma, Eldoret, katika ploti ya milango kumi inayozunguka ua mmoja wenye mfereji mmoja. Mlango wake ni wa saba. Wangu ni wa nane, na kati yetu kuna ukuta wa mbao usiozuia hata kikohozi. Ndiyo maana najua haya. Mengine alinisimulia mwenyewe baadaye, akiwa ameketi nje na mtoto mapajani, na nilipomwomba ruhusa ya kuyaandika alicheka akaniuliza nani atasoma.

Mumewe anaitwa Mulongo. Anafanya kazi na kampuni ya kujenga barabara huko Turkana, na hurudi nyumbani kila baada ya miezi miwili au mitatu, akiwa na vumbi hadi ndani ya masikio. Jumapili hupanda kilima ili apate mtandao, apige simu. Mtoto alipozaliwa mwezi wa nne, mama yake Mulongo alikuja kutoka nyumbani kama desturi inavyotaka. Alimwosha mjukuu, alimpikia Nabalayo uji wa wimbi, na ndiye aliyesema mtoto aitwe Wepukhulu, jina la marehemu mumewe. Tangu siku hiyo mtoto akaitwa Kuka, yaani babu, kwa sababu kwa Wabukusu mwenye jina la babu ni babu, hata kama bado anajikojolea. Siku ya kumi bibi akafunga mzigo wake. Mahindi yalikuwa yanangoja palizi na hapakuwa na mwingine wa kuyapalilia.

Baada ya hapo, katika chumba kile, mikono ikabaki miwili.

Watu wasioishi ploti hudhani ni mahali pa kelele. Ni kweli asubuhi na jioni. Lakini kufikia saa mbili kila mtu ameondoka: fundi wa majiko ya bati, wauza mitumba, mama wa mboga, msichana wa saluni. Zinabaki kufuli nane milangoni na maji yanayodondoka mferejini. Mlango wangu haukuwa na kufuli, lakini nilijifungia kwa ndani. Nimesomea ualimu, nilikuwa nikijiandaa kwa mahojiano ya kazi, na nilitaka utulivu. Kwa hiyo hesabu ya majirani wa Nabalayo mchana ilikuwa sifuri. Kulikuwa na siku, aliniambia, alikuwa akifungua kinywa jioni kumsalimu jirani yake Selpha na kushangaa sauti yake imekauka, kwa kuwa hakuwa amezungumza na mtu mzima tangu asubuhi.

Mwanzoni hakufuata saa zozote. Kuka alinyonya alipolia, alilala alipochoka, na mchana wote alikuwa mgongoni kwa mama yake, amefungwa kwa leso. Karatasi ilikuwa ndani ya sanduku. Ilitoka humo kwa sababu ya kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kufua na kupiga pasi mashuka katika hoteli moja mjini. Msimamizi wa dobi, mwanamume aitwaye Zachariah anayeabudu katika kanisa moja na Nabalayo, alimwambia nafasi ipo kuanzia Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa nane. Kazi ya mwezi kwa mwezi, yenye kadi ya hospitali na siku moja ya kupumzika. Nabalayo hajawahi kuwa na kazi ya namna hiyo. Amekuwa yaya tangu alipomaliza darasa la nane, analala kwenye nyumba za watu, anaamka kabla yao. Alinieleza alivyokuwa akiiwaza kazi ile: kutoka asubuhi na kufunga mlango wake mwenyewe, kuwa na wanawake wengine wa kupiga nao soga juu ya meza ya pasi. Nadhani hilo la soga ndilo lililomvuta kuliko yote.

Mtoto angebaki kwa Mama Waceke, mwanamke aliyehamia hapa kutoka Nyeri zamani, ambaye sasa anaweka watoto kumi na mmoja katika chumba kimoja nyuma ya duka lake. Ni mwanamke safi, asiye na mzaha. Nabalayo alipomfikia na mtoto mgongoni, hakumtazama mtoto kwanza. Alitazama leso.

"Huyu ni wa kubebwa?"

"Anabebwa kidogo tu, Mama Waceke."

"Wa kubebwa simchukui. Mimi niko na msichana mmoja na mikono minne. Wangu wanakula pamoja, wanalala pamoja. Kama kila mmoja anaamka na saa yake, hapa si deikea, ni soko. Mzoeze saa zake, mwezi ukiisha uniletee yeye."

Sina la kumlaumu. Mtu mwenye watoto kumi na mmoja na mikono minne angesema nini kingine? Nabalayo alirudi nyumbani, akafungua sanduku, akatoa karatasi.

Ilikuwa karatasi ya Mama Tabby. Huyo ni Cynthia, mwajiri wake wa mwisho, karani wa ofisi anayeishi mtaa wa Pioneer. Tabby alikuwa na miezi minne Nabalayo alipochukuliwa pale, na siku ya kwanza kabla ya kuonyeshwa choo alionyeshwa karatasi kwenye mlango wa friji. Cynthia alitaka kila kitu kitiwe alama ya kalamu saa ileile kilipofanyika. Jioni akirudi, alisoma alama kabla ya kumbeba mtoto. Na Tabby alinawiri. Alikuwa na mikunjo ya nyama kwenye mapaja, alilala kama mzee aliyeshiba, wageni walimsifu Cynthia, na Cynthia akanyoosha kidole kwenye friji. Tumbo la Nabalayo lilipoonekana, Cynthia alimwachisha kazi kwa maneno mazuri, nguo kuukuu za Tabby, na nakala ya karatasi. Alimwambia, ukifuata hii hutasumbuka.

Basi akaifuata. Kuka alikuwa na wiki kumi.

Wiki ya kwanza nilisikia yote. Mtoto alianza kulia saa tatu na nusu na kuendelea hadi saa tano kasoro. Nabalayo aliketi ukingoni mwa kitanda, simu mapajani, akitazama dakika. Aliniambia maziwa yalikuwa yakimtoka yenyewe, blauzi inalowa, mtoto analia hatua mbili kutoka kwake, na saa inasema saa nne na dakika nane. Alimwimbia. Alimpapasa mgongo. Hakumbeba, kwa maana Mama Waceke hataki wa kubebwa. Siku nyingine alitoka akasimama mferejini, akafungua maji kwa nguvu ili asisikie.

Nami niligonga ukuta. Niligonga mara moja tu, kwa kitabu kilichozungumza juu ya haki ya mtoto kupata elimu. Lakini niligonga.

Mtu pekee aliyeingia mle ndani ni Selpha wa mlango wa pili, muuza mboga, mama wa watoto watano wakubwa. Yeye hupumzika Jumamosi mchana baada ya ibada. Aliingia, akamwona Nabalayo amekodolea simu na mtoto anapiga mateke kitandani, akasoma ile karatasi kuanzia ua la waridi hadi mwisho.

"Wee Nabalayo, unalea mtoto ama unalinda geti?"

Nabalayo akamweleza habari za Mama Waceke, za hoteli, za Tabby alivyokuwa mnono.

"Tabby, Tabby. Mimi nimelea watano na sijui hata mmoja alinyonya saa ngapi. Walilia, nikatoa titi, kisha nikaendelea na sukuma wiki yangu."

"Lakini wewe ulikuwa nao sokoni, Mama. Mimi hotelini sitaingia naye."

Selpha alimbeba Kuka akamzungusha uani, akamwita mzee wa kijiji, akamuuliza mbona anatendewa kama mwajiriwa. Nabalayo akacheka, mara ya kwanza wiki ile. Saa tisa ilipofika alimchukua mtoto, akamnyonyesha kwa saa. Jumapili Mulongo alipopiga simu kutoka kilimani, alimwambia kila kitu kiko sawa. Upepo ulikuwa mwingi upande ule na sauti ilikatika katika neno la tatu.

Wiki ya pili kilio kikapungua. Wiki ya tatu kikaisha.

Nabalayo hakuamini. Saa tatu ilifika, akamlaza, na mtoto akalala macho wazi, akitazama mwanga unaopenya kwenye tundu la bati. Alisubiri saa tano kimya. Aliponyonyeshwa alinyonya kidogo, akasinzia. Nabalayo alitia alama kwenye karatasi. Alianza kupika, kufua, hata kusuka nywele zake mwenyewe mbele ya kioo. Siku moja alikwenda kwa Mama Waceke na kumwambia kwamba Kuka ana saa zake. Mama Waceke alisema vizuri, mlete Jumatatu ya kwanza na nepi sita. Zachariah naye akathibitisha. Nami katika mlango wa nane nilisoma siku nzima bila kusumbuliwa, na nilidhani kimya kile ni amani.

Jumanne ya mwisho ya mwezi wa saba ilikuwa siku ya chanjo ya wiki ya kumi na nne. Alimvika Kuka sweta ya manjano iliyokuwa ya Tabby, akakunja mikono ya sweta mara mbili, akaenda kliniki. Kwenye foleni aliona watoto wengine wakilia na kunyonya, wakinyonya na kulia, na alijisikia, aliniambia bila kuficha, kama mwanafunzi aliyefanya kazi yake ya nyumbani.

Muuguzi aliyekuwa mizanini aliitwa Aketch, mwanamke mkubwa mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimpima Kuka. Alimtoa, akarekebisha mizani, akampima tena. Akafungua kitabu cha kliniki, akaweka nukta, akaiunganisha na nukta ya wiki ya kumi. Mstari uliokuwa ukipanda mlima ukawa umelala kama ubao. Katika wiki nne Kuka alikuwa ameongeza uzito wa vijiko vichache vya sukari.

Aketch aliuliza kama amekuwa akihara au kuwa na homa. Hapana. Aliuliza kama maziwa yanatoka. Yanatoka. Kisha akauliza ananyonya mara ngapi.

"Mara tano, sista. Kwa saa." Alilisema kwa fahari kidogo.

"Na katikati akilia unafanya nini?"

"Halii tena. Amezoea."

Aketch akaweka kalamu chini. Hakupandisha sauti, Nabalayo anasema ingekuwa afadhali angepandisha.

"Mama, mtoto wa umri huu akinyamaza na njaa tumboni hajazoea. Amechoka kuita."

Alimwambia amnyonyeshe kila akitaka, na kwa sasa hata asipotaka, amwamshe, usiku na mchana, kisha amrudishe baada ya wiki moja apimwe. Aliandika tarehe. Akamwita anayefuata.

Nabalayo hakupanda boda boda. Alitembea kutoka kliniki hadi Huruma, mtoto mgongoni, na njiani neno lile liliendelea kumpiga. Alitaka kumpigia mtu simu. Alitoa simu akasimama kando ya karakana moja ya vitanda vya chuma, akapitisha majina. Mulongo, hana mtandao hadi Jumapili. Mama mkwe, yuko shambani, na simu yake huwa imezimwa ili moto wa betri usiishe. Dada yake Seline, walizungumza mara ya mwisho Pasaka. Aliniambia alipofika mwisho wa majina ndipo alipogundua kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameacha kuwapigia zamani. Hakukumbuka ni lini. Alikuwa amepiga, hawakushika, akapiga tena, hawakushika, kisha akakaa.

Alirudisha simu mfukoni. Fundi mmoja alimuuliza kama anatafuta kitanda. Akasema hapana, akaendelea kutembea.

Pale ndipo Tabby alipomrudia kichwani. Hakuwa Tabby wa kwenye friji. Alikuwa Tabby wa saa mbili asubuhi, gari la Cynthia likishatoka na geti likishafungwa. Kila siku, mara tu geti lilipofungwa, Nabalayo alichukua leso akamfunga yule mtoto mgongoni. Alipika naye, akadeki naye, akamwimbia nyimbo za Kibukusu. Tabby akilia saa nne, Nabalayo alichanganya maziwa ya mkebe saa nne. Akisinzia mgongoni saa sita, alilala huko huko saa sita. Saa kumi na moja leso ilifunguliwa na kukunjwa, na kabla Cynthia hajafika, Nabalayo alichukua kalamu akatia alama zote kwa mpigo: saa tano, saa tisa, kulala, kulala. Alifanya hivyo kwa muda wote aliokaa pale. Hakuona kama ni uongo. Aliona ni kumpa Mama Tabby kitu cha kusoma.

Kisha akazaa wa kwake, akasahau alichofanya mgongo wake, akaamini alichoandika mkono wake.

Nimelifikiria kosa hili sana, na naona si lake peke yake. Karatasi kama ile humfaa mwenye mtu nyuma ya geti. Kuna nyumba ambamo saa za mtoto ni baraka, kuna mkono wa pili na wa tatu wa kuzijaza zile nafasi kati ya mstari na mstari. Nabalayo alipewa mistari bila mikono. Nchi hii inamsifu mama madhabahuni na redioni, halafu inampa achague kati ya titi na mshahara kabla mtoto hajajua kuketi, na akichagua vibaya inamwonyesha mstari uliolala kwenye kitabu na kumwita mzembe. Aketch hakumwita mzembe. Hilo nalishukuru.

Alipofika nyumbani alimwamsha Kuka, akamnyonyesha. Baada ya saa moja na nusu akamwamsha tena. Karatasi hakuichana. Aliibandua taratibu kwa kisu, akaikunja, akaitia chini ya pipa la unga.

Ijumaa alikwenda kwa Mama Waceke. Alimwambia ukweli wote, na kitabu cha kliniki akamwonyesha. Mama Waceke alikitazama muda mrefu. Alimwambia amlete akifika miezi sita, akianza uji, hapo ataweza. Sasa hapana. "Akinidhoofikia hapa, nitasema nini?" alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeogopa. Kisha akampa ndizi tatu.

Jumamosi Nabalayo alimpigia Zachariah. Alimuuliza kama nafasi inaweza kungoja hadi mwezi wa kumi. Zachariah alisema angependa, lakini mashuka hayangoji, na kuna dada mwingine wa kanisani ambaye yuko tayari. Alisema atamwombea. Nabalayo alisema asante. Jumapili hakumngoja Mulongo apande kilima; alijaribu namba yake tangu asubuhi, mara kumi, mara kumi na tano, hadi ikaita. Alimwambia yote. Upepo ukavuma, kisha Mulongo akasema atajaribu kuomba ruhusa. Hakusema lini.

Jumatatu asubuhi ploti ikaondoka kama kawaida. Makufuli yakalia moja baada ya jingine. Saa mbili, wakati alipaswa kuwa akifunga aproni hotelini, Nabalayo alikuwa mferejini akifua shuka za Selpha, ambaye alikuwa amezileta akisema mgongo unamuuma, ingawa jioni iliyotangulia nilimwona amebeba gunia. Baridi ilikuwa kali. Nilikuwa chumbani, kitabu kimefunguliwa, sisomi.

Kuka alikuwa mgongoni. Tangu Jumanne alikuwa ananyonya kila alipopewa, kimya, kama mgeni asiyetaka kuwasumbua wenyeji. Hakuwa ameomba hata mara moja. Nabalayo alikuwa akimwamsha, akimpa, akimlaza, akisikiliza.

Ilianza kama mguno. Nilisikia maji yakifungwa. Kisha mguno ukapanda, ukakatika, ukarudi na nguvu mpya, na mara kilio kikajaa ua wote, kikagonga mabati na kufuli zote, kilio cha hasira cha mtu aliyegundua ana njaa na kuna mtu wa kuambiwa.

Nabalayo alipindua beseni akalikalia. Povu lilikuwa bado mikononi. Alifungua leso, akamzungusha mtoto mbele.

"Niko hapa, Kuka," alisema. "Niko hapa. Ita tu."

Niliondoa komeo nikafungua mlango wangu. Nilimsalimu. Aliitikia, na sauti yake ilikuwa imekauka.